Chungu Alichomwaga Shemeji

Kadidja alishusha madumu yake ya mawese kutoka kwenye gari lililomleta kutoka Kizuka, akayaburuta moja moja hadi ndani ya lango la nyumba yake, na harufu ikamfikia kabla macho hayajaona kitu. Aliijua. Ilikuwa harufu ya chungu chake, kile alichokuwa akikifunua mara moja moja, akanusa, akakifunika tena. Haikutakiwa kuwa uani.

Chungu kilikuwa kimelala ubavu kando ya mfereji wa maji machafu. Yaliyokuwamo yalikuwa yamesambaa chini, rojo nzito ya rangi ya udongo, na kuku wa jirani walikuwa wakiidonoa. Mtu alikuwa amemwagia maji juu yake ili iende na mfereji, lakini haikwenda yote.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akachota kidogo kwa kidole pale ambapo kuku hawajafika, akaonja. Ilikuwa imeiva. Chumvi, utamu wa mbali, halafu ile ladha nyingine ambayo hakuwahi kuipatia jina kwa Kiswahili wala kwa Kirundi. Karibu mwaka mzima wa kungoja, na imeiva siku ile ile iliyomwagwa. Alisimama, akaingia sebuleni.

Walikuwa wawili wakimsubiri. Mmoja alikuwa Abdoulkarim, mwanawe wa pekee, anayeuza simu Bujumbura na kuja Rumonge mara chache kumwona mkewe Raisa, ambaye anaishi na mama mkwe. Wa pili alikuwa Idi, mdogo wa marehemu mumewe, mchuuzi wa samaki pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Juu ya meza, mbele yao, vipodozi vya Kadidja vilikuwa vimepangwa mstari kama vitu vilivyokamatwa kwa mwizi: poda, wanja, brashi, na ruji zake za midomo, kuanzia ya waridi hadi ile nyekundu ya damu ya mzee.

"Asalamu aleikumu, Mama," Abdoulkarim alisema bila kumtazama.

"Waleikumu salamu. Nani amemwaga chungu changu?"

"Ni mimi," Idi alijibu. "Kaa kwanza, shemeji. Iko mambo ya kuongea."

"Nimekaa kwenye gari tangu Kizuka. Ongea."

Idi alijiweka sawa kwenye kiti. Ilionekana alikuwa amejiandaa. "Watu wanasema. Kila Alhamisi saa kumi unafunga madirisha. Unapaka uso kama bibi harusi. Unapika vyakula ambavyo hapa mtaani hakuna anayevijua. Na humo ndani inasikika sauti ya mwanaume, anasema maneno ya mapenzi. Watu wanapita njiani wanasikia. Mimi naulizwa musikitini, nakosa la kujibu."

"Na chungu?"

"Chungu ilikuwa chini ya kitanda yako, imefunikwa kitambaa, na jiwe juu. Iko na harufu ya pombe. Kama si pombe basi ni dawa ya kumushika mutu. Pombe ama uchawi, siwezi kuviacha katika nyumba ya kaka yangu."

"Nyumba ya kaka yako," Kadidja alirudia.

Nyumba ya kaka yake ilikuwa ziwani. Ziwa lilipopanda, liliingia kwanza jikoni, halafu chumbani, halafu likabaki. Mpaka leo mtu akipita karibu na ufukwe anaweza kuona sehemu ya ukuta wake imetokeza kwenye maji, na ndege wamekaa juu. Alimasi, mumewe, alikuwa ameshafariki kabla ya hapo. Nyumba hii ya sasa, matofali yake, mabati yake, hata kile kiti alichokalia Idi, vilitoka kwenye mawese ambayo Kadidja aliyafuata Kizuka kwenye mvua na kwenye jua. Idi alilijua hilo. Kila siku adhuhuri alikuja kula chakula chake ndani ya nyumba hiyo, tangu mkewe aliporudi kwao Muhuta na kukataa kurejea.

"Nauliza tu, Mama," Abdoulkarim alisema kwa sauti ya chini. "Huyo mwanaume ni nani? Kama iko mutu mwenye nia nzuri, aje tuzungumuze."

Kadidja alimtazama mtoto aliyemzaa, akatambua kwamba kama angejibu wakati ule angesema neno lisilorudishika. Akavuta kiti, akaketi mbele ya ruji zake.

Hakukuwa na mwanaume. Kulikuwa na Agneta.

Agneta ni mwalimu wa shule ya msingi. Alizaliwa kambini Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na waliporudi Burundi walikuta shamba lao lina watu wengine. Akaja Rumonge kufundisha, akapanga chumba jirani na Kadidja mwaka ule ule ziwa lilipomhamisha Kadidja. Walikuwa wanawake wawili waliopoteza mahali, na mwanzoni hawakuwa na la kuongea zaidi ya bei ya mkaa. Halafu Agneta alialikwa harusi, akabisha hodi na mkoba wa vipodozi, akamwomba Kadidja amshikie kioo. Kadidja alishika kioo. Akaona jinsi wanja unavyolifanya jicho liamke. Akauliza, "Na mimi?" Basi ikawa hivyo.

Alhamisi Agneta hana kipindi cha mchana. Ndiyo siku yao. Wanapakana uso, wanapika, wanatazama filamu. Filamu wanazipenda zile ambazo watu wawili wanachukua muda mrefu sana kuambiana jambo ambalo kila mtazamaji ameshalijua. Za Kihindi, za Kikorea, zozote, ilimradi zimetafsiriwa Kiswahili na yule bwana mmoja ambaye anasema maneno ya wote, ya kijana, ya binti, ya mama wa binti. Kadidja hulia mapema, Agneta hulia mwishoni. Madirisha wanayafunga kwa sababu jua la saa kumi linatoka upande wa ziwa moja kwa moja na kuufuta uso wa televisheni.

Na chakula kilitoka Japani. Kwenye simu ya Agneta kulikuwa na bibi mmoja wa huko, mzee kiasi, anayepika katika jiko dogo lisilozidi kitanda. Hasemi neno. Kamera inaonyesha mikono tu. Anakunja mayai tabaka juu ya tabaka mpaka yanakuwa kama kitabu. Anafinyanga wali wa moto kwa viganja vilivyolowa maji ya chumvi, anaweka kitu katikati, anaufunga. Kadidja aliipenda ile mikono kuliko kitu chochote alichowahi kuona kwenye simu. Alianza kukunja mayai. Alifinyanga wali, katikati akaweka ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa na sukari na sosi ya soya. Mukeke, samaki wa ziwa lao, aliunyunyizia chumvi tu, akauchoma taratibu, akaula na figili iliyokunwa, akasema hakuwahi kujua mukeke una ladha yake yenyewe, maisha yake yote aliufunika na nyanya na mawese.

Kitu kimoja kilikosekana: ile rojo ya soya anayoikoroga bibi kwenye supu kila asubuhi. Wanaiita miso. Soya Burundi ipo, chumvi ipo, lakini unahitaji mchele uliooteshwa ukungu maalumu. Irakoze, binamu yake Agneta, alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa familia ya Kijapani Bujumbura. Mama wa nyumba ile aliposikia kwamba kuna mwanamke Rumonge anatamani kutengeneza miso, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa Irakoze mfuko mdogo wa mchele ule na maelezo. Kadidja alichemsha soya, akaiponda, akaichanganya, akaishindilia kwenye chungu, akaweka jiwe juu, akaiingiza chini ya kitanda mahali penye baridi. Familia ile ilikwisha kurudi kwao. Mfuko wa pili hautakuwapo.

Hayo yote angeweza kuyasema pale pale. Hakutaka. Kwa nini aeleze kama mshtakiwa, katika sebule yake, kwa watu wenye harufu ya chungu chake mikononi?

Aliyeyasema ni Agneta. Ilikuwa Alhamisi, na saa kumi ilipofika alipiga hodi kama kawaida, akiwa na mayai kwenye mfuko. Aliona chungu uani, akaona nyuso, akasimama mlangoni.

"Kuna msiba?"

"Wanamtafuta mwanaume wangu," Kadidja alimjibu. "Wamemwaga miso wakimtafuta."

Agneta aliweka mayai mezani, kati ya poda na wanja. Aliongea taratibu, kwa Kiswahili chake cha Tanzania, kama anavyoongea na wazazi wa wanafunzi. Alieleza filamu na yule bwana mwenye sauti moja. Aliwasha televisheni wamsikie. Alieleza soya, mchele, Irakoze. Alimwonyesha Abdoulkarim mikono ya bibi wa Japani kwenye simu. Mwisho akasema, "Mwanaume hayupo, baba zangu. Hajawahi kuwepo. Ni mimi."

Abdoulkarim alikuwa ameinamisha kichwa. Kadidja alisubiri. Alikuwa tayari hata kusamehe kidogo, kama mmoja wao angesema pole.

Idi alipangusa paji la uso. "Hakuna mwanaume," alisema.

"Hakuna."

"Sasa hiyo ni mbaya zaidi. Mwanaume tungemuozesha, mambo ikaisha. Sasa anapaka uso kwa ajili ya nani? Mwanamke mwenye mujukuu, amejifungia, amejipamba, hakuna wa kumuangalia. Huo ni wazimu. Watu wakisikia iko hivyo, ni aibu kubwa kuliko ya kwanza."

"Baba mudogo, basi," Abdoulkarim alisema, lakini kwa sauti ndogo sana.

Hapo ndipo hasira ya Kadidja ilipotulia. Ilitulia kama inavyotulia mikono ya mtu anayejua sasa anafanya nini. Alivuta kioo. Akafungua poda.

Alijipaka mbele yao. Hakuharakisha. Alipaka poda mpaka kwenye shingo, akachora wanja jicho la kulia, akachora la kushoto, akafuta kwa sababu macho hayakulingana, akachora tena. Idi alitazama dari. Abdoulkarim alitazama mikono yake. Kadidja alichagua ile nyekundu ya damu ya mzee, akaipaka, akabana midomo kwenye karatasi, akageuka.

"Nani ananiangalia?" aliuliza. "Mimi. Mimi najiangalia. Miaka nimeangalia wengine, nimemwangalia Alimasi kwenye ugonjwa, nimekuangalia wewe Abdu mpaka ukaoa, nimeangalia tumbo la Idi kila siku adhuhuri. Sasa najiangalia mimi, mara moja kwa wiki, na mmeona ni wazimu. Sawa. Inukeni. Mimi na Mwalimu tuna filamu yetu."

Waliinuka. Abdoulkarim alirudi Bujumbura jioni ile ile, kabla barabara haijafungwa na giza. Kadidja hakumsindikiza hadi kwenye lango.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Idi alikuja kula. Alivua viatu mlangoni kama siku zote, akanawa, akaketi mkekani. Hakuomba radhi wala hakuonekana kama mtu mwenye jambo. Hilo lilimuudhi Kadidja kuliko kumwagwa kwa chungu: kwamba mtu anaweza kukumwagia kitu cha mwaka mzima, akuite mwendawazimu, halafu kesho aketi akingoja sahani.

"Chakula hakuna," alisema.

Idi alicheka. "Nasikia harufu ya samaki, shemeji."

"Samaki yupo. Chakula chako ndicho hakuna. Umemwaga chungu katika nyumba hii. Katika nyumba hii hutakula tena."

Idi alidhani ni hasira za wanawake, zitapita. Alikaa pale muda, akavaa viatu, akaondoka. Lakini kabla ya Jumamosi kwisha, mtaa mzima ulikuwa umeambiwa kwamba mke wa marehemu Alimasi amechanganyikiwa, anajipaka rangi na kuongea na televisheni, na amemnyima chakula ndugu wa mumewe aliyekuja kumshauri kwa upole. Kadidja aliambiwa na mwanamke aliyekuja kununua mawese, naye alikuwa akimchungulia usoni wakati anaeleza, kutafuta dalili.

Jumapili asubuhi Kadidja alijipaka uso wote. Akavaa kitenge chake kizuri. Akakiosha kile chungu, akakiweka kichwani kikiwa kitupu, akateremka mwaloni.

Ni saa ambayo mitumbwi imekwisha kuingia, ndagala wameanikwa, na wanawake wa Rumonge wamejaa pale na mabeseni. Idi alikuwa katikati yao, akigombana na mtu juu ya samaki wa jana. Watu walimwona Kadidja kabla Idi hajamwona. Maongezi yalipungua.

"Shemeji," Idi alisema alipogeuka, na uso wake ulibadilika. "Nenda nyumbani. Tutazungumuza nyumbani."

"Nyumbani ulizungumza na chungu changu nikiwa sipo. Tuzungumze hapa, mimi nikiwepo."

Alikitua chungu chini, kwenye changarawe. Hakupandisha sauti, hakuhitaji, kwa maana wanawake walikuwa wamesogea wenyewe. Akawaeleza. Kwamba ndani ya chungu hiki kulikuwa na soya, ya kutia kwenye supu. Kwamba mtu huyu aliingia chumbani kwa mwanamke asiye mkewe, akatoa kitu chini ya kitanda chake, akakimwaga bila kuuliza. Kwamba alitafuta mwanaume hakumpata, na badala ya kusema samahani akasema ni wazimu. Kwamba mtu huyu huyu amekula kwake tangu mkewe alipomkimbia, na hakuwahi kuuliza kama mpishi wa chakula hicho ni mzima wa akili.

"Ni kweli, Idi?" aliuliza Benita, mwanamke mnene mwenye beseni la mukeke, ambaye hujulikana pale kwa kutomwogopa mtu. "Uliingia chumbani?"

"Nilikuwa na mutoto wake," Idi alisema.

"Kwa hiyo uliingia."

Idi aligeukia samaki wake. Mmoja alianza kucheka, halafu wengine. Halikuwa jambo la kuchekesha kwa Kadidja, lakini aliwaacha wacheke. Benita alimsogelea, akamkagua uso kwa karibu, kwa umakini wa mtu anayekagua samaki.

"Na hii ruji," alisema, "umeitoa wapi? Kwenye soko yetu sijaiona."

Kadidja alimwambia.

Alirudi nyumbani na chungu chake kichwani. Alidhani angejisikia mwepesi, haikuwa hivyo. Uani alimkuta Raisa, mkwewe, akifua, mtoto amelala mgongoni. Tangu Alhamisi walikuwa hawajasemezana zaidi ya salamu. Kadidja alisimama mbele ya beseni.

"Ulijua ndani ya chungu kuna nini."

Raisa aliacha kufua. "Nilijua, Mama."

"Uliponda ile soya na mimi. Kwa mikono yako."

"Ndiyo."

"Ukawaacha."

"Abdu alisema nisiingilie." Raisa alikamua nguo ambayo ilikuwa imekwisha kukamuliwa. Halafu akasema jambo ambalo Kadidja hakulitarajia. "Na nilikuwa na hasira, Mama. Abdu ananikatalia hata wanja. Tangu tumeoana. Anasema mwanamke wake hapaki kitu. Kila Alhamisi nawasikia wewe na Mwalimu munacheka humo ndani, na mimi niko hapa na hizi nguo. Hakuna siku mumeniita. Walipokibeba chungu, kuna kitu ndani yangu kilisema, acha na yeye akose."

Kadidja alitaka kukasirika. Hasira ilikuwapo, tele, lakini iligoma kumwendea msichana huyu aliyesimama na povu mikononi. Iligeuka, ikatafuta njia, ikafika Bujumbura. Hata wanja. Na aliyemlea mtu huyo ni yeye.

"Alhamisi," alisema hatimaye, "nguo ufue asubuhi. Saa kumi uwe ndani."

"Na Abdu?"

"Abdu ni mwanangu. Mwachie mimi."

Idi hakurudi tena kula. Wanasema anakula kwenye kibanda karibu na soko na analalamika juu ya chumvi. Miso nayo haikupatikana. Agneta alijaribu kuotesha ukungu kwenye wali wa kawaida, ukatoka wa kijani wenye nywele, wakautupa wakiwa wameziba pua. Kadidja bado anaihesabu ile kuwa hasara, na ukimwambia ni soya tu, ataacha kukuuzia mawese.

Raisa alikaa kati yao Alhamisi ile, kisha iliyofuata. Ana mkono mzuri wa wanja, kuliko wote wawili. Mayai yanamshinda, yanakatika kabla hajayakunja, na kwenye filamu anauliza maswali mpaka Agneta anamwekea kidole mdomoni.

Mwishoni mwa mwezi Abdoulkarim alipiga simu. Alizunguka sana. Aliulizia mawese, akaulizia mvua, akamuulizia mtoto. Halafu akasema, "Mama, nimesikia Raisa anapaka uso."

"Umesikia vizuri."

"Mimi nilimukataza."

"Najua. Nimeambiwa."

"Na ile chungu, Mama. Naomba unisamehe."

"Chungu alikimwaga Idi. Wewe ulikaa ukitazama, hilo tutaliongea siku nyingine. Leo nieleze kuhusu wanja. Nieleze umeona nini kibaya kwenye jicho la mke wako."

Alisikia pumzi yake kwenye simu, na nyuma yake magari ya Bujumbura. Kadidja alimsubiri, ameshikilia simu kwa bega, mikono ikiendelea kupanga madumu ya safari ya Kizuka, na hakumsaidia.

"Nitakuja," mwanawe alisema mwishowe. "Tuongee mimi na yeye."

"Njoo. Ila ujue bado nina hasira na wewe, Abdu. Sijui itakwisha lini. Usije ukidhani imekwisha."

"Sawa, Mama."

"Haya. Msalimie mkeo, huyu hapa," alisema, akampa Raisa simu.